Misonge Isiyo Yetu

Fausta mwanangu,

Salamu tutapeana asubuhi ukiwa mlangoni na begi, kwa hiyo naziruka. Umeenda Mbulumbulu kumuaga shangazi yako na najua hatakuachia mpaka umalize viazi vyake vyote, basi nina mchana mzima peke yangu. Kibandani hakuna mteja. Kuna bango la bucha tu, rangi yake ya kwanza inakauka, na ng'ombe niliyemchora anaonekana amefurahi kuchinjwa kama kawaida yao. Usishangae karatasi hii kuwa nene. Nitakuambia nilikoitoa.

Mambo ya kufunga begi, ya maji ya kunywa, ya kutomwazima mtu simu stendi, shangazi yako amekwisha kukuhubiria na atarudia akikusindikiza. Mimi nataka kusema kuhusu wachoraji, kwa sababu unakwenda kuishi nao na unawaheshimu mno. Unakwenda Dar kuchora katuni kwenye kampuni ambayo hadithi zake watu wanazisomea kwenye simu, wakizisukuma kwa kidole gumba huku wanakunywa chai. Sawa, kazi ni kazi. Ila juzi nilikusikia ukitaja majina ya mabosi wako wapya kwa sauti ile ya kanisani, nikasema huyu hatoki hapa bila kuambiwa. Hakuna mchoraji wa katuni anayestahili sauti ile. Nimewasoma tangu sijajua kusoma, wa zamani na wa sasa, na sijaona hata mmoja ambaye nisingemrudisha darasani.

Unajua sikusomea kuchora. Mwalimu wangu alikuwa sanduku. Mjomba wako Danieli alikuwa utingo wa lori la ngano, na kila aliporudi kutoka Arusha alileta magazeti ya katuni, mengine mapya, mengine yamefungiwa vitumbua, mengine yamekaliwa na dereva safari nzima. Bibi yako, Aama, aliyatunza kwenye sanduku la bati ili panya wasiyale. Yeye hakujua kusoma. Alisema tu kwamba kitu alichokihangaikia mtoto wake mpaka kikafika nyumbani hakitupwi. Mimi nikayanakili yote, fremu moja baada ya nyingine, kwanza kwa mkaa ukutani na kupigwa, halafu kwa kalamu. Ndiyo maana ukinionyesha mchoro leo nakuambia ni wa miaka ipi hata ukifunika jalada, na wewe unadhani nina kipaji. Sina kipaji chochote. Kila kizazi cha wachoraji kina uvivu wake, na mimi naujua uvivu wa kila mmoja.

Wa miaka ya sabini walichora watu kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Shujaa amesimama, kifua mbele, anatazama pembeni ya ukurasa kama anayesubiri ruhusa ya kukohoa, na mikono iko mfukoni. Wewe uliniambia, "Mama, ona utulivu wake." Utulivu gani? Jamaa alikuwa hajui kuchora vidole. Kuna hadithi moja humo sandukuni ya jambazi anayefukuzwa na polisi kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayetoa mkono mfukoni, hata yule anayepigwa risasi. Vivuli navyo walivimwagia mistari kila mahali, ukutani, mashavuni, mpaka mawinguni, ili mhariri aone kuwa kijana ametoka jasho. Mtu mwema alipewa uso msafi, mwovu akajazwa mistari mpaka ukamwonea huruma ukidhani ana ndui. Kitu kimoja walikijua, nacho ni suruali. Mkunjo wa suruali gotini hakuna aliyewafikia mpaka leo. Sasa mtu anajua suruali tu, na anajiita msanii.

Waliowafuata, wa themanini, walikuta karatasi hakuna. Iliyokuwepo ilikuwa ya kahawia na ilinyonya wino, ukichora mstari mwembamba, unatoka kiwandani umevimba. Basi wakachora mistari minene na nyuma ya watu wakaacha kweupe. Hakuna ukuta, hakuna njia, hakuna mti, watu wanagombana hewani. Kwa shida ile nawasamehe, sote tulipanga foleni ya sabuni. Nisichowasamehe ni kwamba karatasi nzuri iliporudi waliendelea vilevile na wakaanza kutuambia kuwa ndio mtindo wao. Ukimkuta mtu mzima kwenye hiyo kampuni anakuambia kuwa kweupe kunampa msomaji nafasi ya kupumua, jua huyo ni mtoto wao.

Halafu ikaja tisini, Mungu atusamehe sote. Magazeti ya udaku yakafurika na kila aliyeweza kushika kalamu akawa mchora katuni. Makalio yakawa makubwa kuliko mlango. Kila mtu anatoka jasho, matone yanaruka kichwani hata kama anaulizwa saa tu. Kwa kasi ya mkono walikuwa mafundi, hilo nalikubali kwa shingo upande, walichora mtu anayekimbia na kweli akakimbia. Ila akili zao zilikuwa na watu wawili tu ndani yake, mtu wa mjini na mshamba. Wa mjini ana tai. Mshamba ana kiraka gotini, meno nje, na kuku kwapani. Huyo mshamba alikuwa mimi, Fausta. Alikuwa mjomba wako Danieli, ambaye alinunua gazeti lile kwa hela yake mwenyewe na kulileta nyumbani ili ajione na kuku kwapani. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikaikata ile picha nikaibandika kibandani, na wateja wakaja kucheka nami, wote tukitoka Mbulu na Karatu, wote tukiwa na kuku nyumbani.

Wa elfu mbili sitawapotezea wino. Walipata kompyuta wakaacha kuchora. Walichora sura moja, wakainakili ukurasa mzima, wakawa wanahamisha nyusi tu. Zikipanda kashangaa, zikishuka kakasirika. Na ile mbingu yao inayofifia kutoka rangi ya chungwa kwenda ya zambarau waliiweka kila mahali, sokoni, hospitali, msibani.

Nimefika kwenu. Nyinyi mna kioo cha kuchorea, mna rangi zote alizoumba Mungu na nyingine ambazo hakuziumba, na mmechagua kuchora macho. Macho makubwa yanayong'aa, na chini yake kidevu kama sindano. Msichana wa Karatu mwenye kidevu kile hawezi kula kande, atatoboa bakuli. Nywele zinapepea ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Nilipokuuliza huo upepo unatoka wapi ulisema ni hisia. Mimi nimeishi na hisia hizo hizo maisha yangu yote na hazijawahi kunipeperusha hata kilemba.

Na sasa mna mashine ya kuandikiwa maneno ikachora yenyewe. Ulinionyesha kwenye simu yako wakati tunasubiri rangi ikauke kwenye bango la saluni. Ukaiandikia kijiji cha Tanzania. Ikafikiri kidogo, ikaleta misonge mitatu ya nyasi yenye ncha, mnazi mmoja na jua kubwa jekundu. Wewe ulicheka. Mimi nilianza kucheka na wewe, halafu nikaacha katikati, kwa sababu picha ile niliijua. Usiku ule nililitoa sanduku la Aama na kulipekua gazeti moja baada ya jingine, wewe ukadhani natafuta vyeti.

Ni ileile. Wa sabini, mtu wake wa mikono mfukoni akienda kijijini kumsalimia mama yake, fremu ya kwanza ni misonge mitatu na mnazi. Wa themanini, ambaye hakuchora hata ukuta wa mjini, karatasi ya misonge na mnazi aliipata. Wa tisini, misonge, mnazi, kuku. Wa kompyuta, misonge mitatu ambayo kumbe ni mmoja ulionakiliwa. Wamebadilisha mistari, wamebadilisha wino, kila kizazi kimekicheka kilichotangulia, na wote kabisa wamelala kwenye nyumba moja. Hakuna aliyesimamisha kalamu akauliza nani aliupanda huo mnazi kule Mbulu kwenye baridi ile, na nani alikaa chini yake.

Sasa nakuja kwangu, na usidhani nitajionea huruma. Ulipokuwa mdogo loji moja ya njia ya kwenda geti la hifadhi iliniita kuchora ukuta wa chumba cha kulia. Meneja alitaka kijiji. Hakusema kijiji gani, na mimi sikumuuliza. Nilipanda ngazi na mkono ukajichorea wenyewe, misonge mitatu, moshi unapanda ukijikunja mara mbili kwenye ncha ya paa, mnazi, jua. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi tangu utotoni, haukunitoa jasho. Wageni wakapiga picha mbele yake. Nilijiona nimefika.

Aama alikuwa akipeleka karoti kwenye jiko la loji ile. Siku moja alipita kuona kazi ya binti yake. Akasimama na kapu lake tupu, akautazama ukuta muda mrefu sana, mpaka wapishi wakaja kuona anatazama nini. Kisha akaniuliza nyumba zile ni za akina nani. Nikamwambia ni zetu, ni kijijini. Akatikisa kichwa.

"Sisi nyumba zetu zilijificha," alisema. "Hawa hawana adui?"

Unajua alikozaliwa, alikusimulia wewe kuliko alivyonisimulia mimi. Nyumba imechimbwa kwenye mteremko, paa la miti na udongo liko sawa na kilima, na juu yake nyasi zimeota. Ukitokea juu huoni nyumba, unaona kilima tu, na mbuzi anakula majani ya paa bila kujua kuna watu chini yake wanapika. Walichimba hivyo enzi za kuibiana ng'ombe na Wamasai, ili anayekuja apite. Mama yangu alikuwa ananiambia jambo ambalo hakuna mchoraji hata mmoja wa kwenye sanduku lile alilijua. Na mimi nikamjibu mbele ya wapishi kuwa hajui sanaa, kwamba nyumba isiyoonekana haichoreki. Wapishi walicheka. Aama alichukua kapu lake akaondoka, na tangu siku ile hakuniuliza tena kitu kuhusu picha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa anapita mbele ya mabango yangu barabarani kama anayepita mbele ya nyumba ya jirani waliyekosana naye.

Nadhani unajua ninapoelekea.

Kampuni yako ilikuomba kurasa za mwanzo za hadithi yako mwenyewe, uje nazo mkononi Jumatatu, wazione na waamue kama utachora hadithi yako au utawapakia wengine rangi michoro yao. Uliijua hadithi mara moja. Ni ile ya bibi yake huyo Aama, bibi ya bibi yako, alipokuwa msichana, usiku wavamizi walipokuja, ambapo yeye alibaki ndani na ng'ombe akafumba mdomo wa ndama kwa mkono mpaka wakapita. Ukachora kwa wino na brashi, kama nilivyokufundisha, siyo kwenye kioo. Ukaniletea kibandani ukurasa wa kwanza.

Ulikuwa kilima. Kilima kitupu, nyasi, watu watatu wenye mikuki wanatembea, hakuna kingine. Nilikuwa na brashi mdomoni na mteja ananisubiri. Nikakuuliza nyumba iko wapi. Ukasema, "Wanaikanyaga, Mama." Na mimi, mtoto wa mama yangu, nikakuambia kuwa msomaji wa simu hana muda wa kutafuta nyumba, kwamba umechora kilima kilichonyolewa, kwamba nyumba isiyoonekana haichoreki. Maneno yale yale. Yalitoka yenyewe. Ukachukua karatasi yako ukaondoka, na kwa namna ulivyoondoka ningepaswa kukumbuka kapu la karoti. Sikukumbuka. Nilimalizia bango la mteja.

Jana nilifungua folda yako. Sikuombi radhi kwa hilo, ilikuwa mezani kwangu. Nikakuta umechora upya. Kurasa tatu, safi, hakuna hata tone la wino lililokosea njia. Misonge mitatu, mnazi, na moshi unaojikunja mara mbili kwenye ncha ya paa. Mkunjo ule naujua, Fausta. Ni wangu, wa kwenye ukuta wa loji. Nilitafuta pa kutupia lawama, nikafikiri labda ni kampuni imekuagiza, labda ni mashine. Hakuna. Ni mimi. Hao wote niliokutukania hapo juu walidanganya watu wasiowajua, wakiwa mbali, wakiwa na njaa na karatasi ya kahawia. Mimi nimemdanganya mtoto aliyekuwa anajua ukweli.

Na ngoja nikuambie, kama fundi kwa fundi, hadithi yenyewe imekufa. Wavamizi wako sasa wanapita mbele ya misonge mitatu yenye milango wazi na moshi unatoka, na hawaoni kitu. Umewafanya vipofu. Msichana anafumba mdomo wa ndama kwa ajili gani, ikiwa nyumba inapiga kelele kuliko ndama? Kazi ya hovyo kabisa. Ukimpelekea mtu yeyote mwenye akili atakuuliza hilo, na kama hakuulizi basi umefika mahali pabaya zaidi.

Chini ya folda nilizikuta zile za kwanza, umezifunga kwa kipande cha kitenge. Nikazitoa nje kwenye mwanga. Nikatazama kilima kile kama Aama alivyotazama ukuta wangu. Baada ya muda nikaona kuwa nyasi za sehemu moja umezilaza kinyume, kidogo tu, kwa sababu udongo wa paa ni mkavu kuliko wa kilima. Halafu nikageuza ukurasa wa pili na kukuta giza, vumbi linadondoka kutoka juu ambapo wanakanyaga, na mkono wa msichana. Nilikaa chini. Mteja wa bucha alikuja kuulizia bango lake nikamwambia arudi kesho.

Najua utafika Dar na watu watasema mambo. Watakuambia weka nyumba. Watakuambia kwa upole kuliko nilivyokuambia mimi, wakiwa na kahawa, na watatumia maneno mazuri kama soko na hadhira. Hao usiwaogope, wamenakili tu, wanajua suruali. Ninachoogopa ni kwamba utawasikia kwa sauti yangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, siyo basi wala jiji.

Sasa geuza karatasi hii. Na nyingine zote ulizokwisha kusoma. Ndiyo, ni misonge yako, kurasa zote tatu, nimeandika mgongoni mwake kwa sababu karatasi nzuri hatutupi na kwa sababu nilitaka kuzichafua. Zile za kilima nimezirudisha kwenye folda, juu kabisa, na kitenge chake. Uamuzi ni wako, wewe ndiye unayekwenda. Jumatatu ukitaka kuwapa hizi za misonge, wape, ila watazipokea pamoja na mgongo wake, na watasoma ninavyofikiri kuhusu vidole vyao.

Ule mkono wa msichana kwenye mdomo wa ndama nimeutazama tangu asubuhi. Una vidole vitano na kila kimoja kinafanya kazi yake, na kile cha mwisho kinatetemeka. Unajua mimi ni mtu wa kutafuta kosa. Nimetafuta, Fausta, mpaka mwanga umeisha, na sijaliona.

Mama yako